Cherehani ya Mjapani au ya Mchina? Kagua meza kwanza

Masika ya mwaka juzi nilinunua cherehani ya kukanyaga kwenye duka moja hapa Tanga. Muuzaji akaniuliza swali wanalouliza wote: "Dada, unataka ya Mjapani au ya Mchina?" Ya Mjapani ilizidi shilingi 80,000. Nikalipa, maana nilikuwa na sare za shule zinanisubiri na sikutaka mashine ya kuruka mishono.

Kichwa kilishona vizuri tu. Meza ndiyo iliyoniangusha. Kufika Juni ukingo wa mbele ulikuwa umevimba kama andazi. Ile karatasi ya rangi ya mninga iliyobandikwa juu ikabanduka, na ndani hamna mbao, ni maranda yaliyogandishwa kwa gundi. Kichwa cha cherehani kinashikwa na bawaba mbili tu kwa nyuma, na skrubu za bawaba zangu zikawa zinazunguka kwenye unga. Kila nikikanyaga kichwa kinacheza, mkanda hauko tena sawa na gurudumu la chini, unachomoka. Dera moja nilirudisha mkanda mara sita.

Siku nilipokiinua kichwa ili nikaze zile bawaba, nikaona kibandiko cha Japani kimeanza kuachia. Chini yake, kwenye chuma chenyewe, imechongwa China. China haikuniuma hata kidogo, maana kichwa kile hakikuwa na kosa. Zilizoniuma ni zile 80,000.

Nchi inaandikwa kwenye kichwa. Meza haina nchi, na hakuna anayeiuliza. Kwa mji kama wetu, wenye unyevu wa bahari mwaka mzima, meza ndiyo inayokufa kwanza.

Hata hayo maandishi ya nchi hayakuwekwa ili kusifia kitu. Waingereza walipitisha sheria iliyoyaleta mwaka 1887 kwa sababu visu vya Ujerumani vilikuwa vinauzwa kwa chapa ya Sheffield, mji wao uliosifika kwa visu. "Made in Germany" ilikusudiwa kuwa onyo kwa mnunuzi, lakini vitu vikawa vizuri na onyo likageuka sifa.

Sasa niseme ninavyozipanga cherehani.

Ya kwanza kwangu ni Butterfly, ile ya kichwa cheusi cha chuma, kutoka Shanghai. Mimi ni mtu wa Butterfly na sifichi. Umbo lake limefuata Singer ya namba 15, kwa hiyo bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini) na sindano zake ni zile zile zilizojaa madukani, na hakuna fundi wa Ngamiani, hapa Tanga, asiyejua kuifungua. Bobini ikipotea usiku wa kuamkia Idi unatuma mtoto kwa jirani, kazi inaendelea. Nunua kichwa na miguu ya chuma, meza ukaagize kwa seremala. Muuzaji atakwambia haviuzwi mbalimbali. Mwambie unakwenda duka la pili, na uondoke kweli.

Ya pili ni Singer kuukuu ya Uskoti. Kiwanda cha Clydebank kilifunguliwa 1885, kikafungwa 1980, na vichwa vyake bado vinashona. Tazama namba iliyogongwa kwenye kitako: ikianza na F, J au Y ikifuatiwa na tarakimu, au na E ikifuatiwa na herufi nyingine, ni ya huko. Ningeiweka ya kwanza kama si wauzaji, wanaopaka rangi mpya juu ya kutu na kubandika maua ya dhahabu. Kipindue kichwa, pitisha kidole tumboni. Kidole kikitoka chekundu, rudisha. Na Singer mpya ya leo ina jina lile lile tu, haikutoka Clydebank, basi usilipie Uskoti.

Mwenye oda nyingi na umeme wa uhakika achukue Juki ya kiwandani. Kampuni ni ya Kijapani, lakini inaunda pia China na Vietnam, na hilo lisikukoseshe usingizi.

Zile ndogo za plastiki ni za kupindia mapazia.

Halafu risiti. Nimechoka kuulizwa nataka bei ya risiti au bei bila risiti. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ni haki yako, na ukirudi na meza iliyovimba bila risiti, muuzaji hakujui. Mimi sikuwa nayo.

Meza yangu ya sasa ilichongwa Makorora, hapa hapa mjini, kwa mtiki wa Longuza, Muheza, mti wenye mafuta yake ndani, maji hayauingii upesi. Bawaba nilitaka zifungwe kwa boliti zinazotokeza chini na kukazwa nati, skrubu sikuzitaka tena. Masika mawili yamepita, mkanda haujachomoka. Ukienda kwa seremala, mbebee kichwa chenyewe akipime, usimpelekee vipimo vya kuandika. Wangu alikosea tundu la kwanza kwa upana wa kidole, ubao mzima wa mtiki ukaharibika.