QGIS na QField katika ofisi za kaunti: kazi safi, kufuli ni juu yako

Ofisi ya kaunti inayosajili ploti, mabomba ya maji au vibanda vya soko itumie QGIS, programu ya ramani, kwenye kompyuta na QField, mwenzake wa kukusanya data uwanjani, kwenye simu. Hilo tunalipendekeza bila kusita. Zote mbili ni za bure, na QField hufanya kazi hata pale mtandao unapokatika. Tatizo ni kwamba hazikufungii data. Kufunga ni kazi ya ofisi.

Tuanze na nenosiri. Unapounganisha QGIS na hifadhidata ya PostGIS (hifadhidata ya pamoja ya data za ramani), kuna visanduku vya kuhifadhi jina na nenosiri. Ukivitia alama, nenosiri huandikwa wazi ndani ya mradi. Faili ya mradi, .qgz, ni zip tu: yeyote akiifumua na kufungua faili ya .qgs iliyomo kwa Notepad atalisoma. Badala yake unda usanidi wa uthibitishaji (authentication configuration) ndani ya QGIS, uweke nenosiri kuu la kuulinda, na mradi utabeba msimbo wa herufi saba pekee badala ya nenosiri.

Kosa la pili ndilo baya zaidi. Kuficha safu ya nambari za vitambulisho kwenye jedwali hakuifuti. Bado imo kwenye faili. Kabla ya kumpa mkandarasi, hifadhi tabaka (layer) kama nakala mpya, ondoa alama kwenye safu za majina, vitambulisho na simu, kisha ifungue nakala hiyo uhakikishe. Picha za QField nazo hubeba koodineti ndani yake. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, uvujaji unaoweza kumdhuru mwananchi huripotiwa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72. GeoPackage, faili ya data ya ramani inayobebwa na QField, haina usimbaji fiche wowote, kwa hiyo simu ya mpimaji iwe na PIN na hifadhi iliyosimbwa. Na usiinakili faili hiyo programu ikiwa wazi: mabadiliko ya mwisho huwa kwenye faili ya -wal iliyo kando, nayo ikiachwa, kazi imepotea.

Kuna pia uharibifu usiohitaji mdukuzi: kuchanganya mifumo ya koodineti. Mfumo wa UTM huigawa dunia katika kanda, na kila kanda ina Kaskazini na Kusini. Longitudo 36 hupita kati ya Njoro na mji wa Nakuru, hivyo Molo iko kanda ya UTM 36 na Naivasha kanda ya 37. Ikweta nayo hupita Maseno: Kisumu ni 36 Kusini, Kakamega 36 Kaskazini. Ramani nyingi za zamani ziko kwenye Arc 1960, msingi wa zamani wa kupimia koodineti, ilhali GPS hutumia msingi mwingine, WGS 84. Ukizichanganya bila kubadilisha, mpaka husogea takriban mita 300. Kwa Kisumu, ramani ya zamani ya Arc 1960 ipewe EPSG:21036 (namba inayotambulisha mfumo wa koodineti), Naivasha, EPSG:21037. Andikeni namba hiyo ndani ya kila faili inayotoka ofisini.

GPS ya simu, penye anga wazi, hukosea mita 3 hadi 5. Kwa bomba au kibanda inatosha. Kwa mpaka wa shamba, hapana. QField hupokea kipokezi cha nje kwa Bluetooth, na hapo ndipo pesa zilizookolewa kwenye leseni ziende.