Bati za kuezekea nyumba: nazipanga kuanzia ya kununua mpaka ya kuacha

Jamani hela ya ujenzi huwa inakatikia kwenye paa. Msingi umekula, tofali zimekula, lenta imemeza nondo na simenti, ukifika hatua ya kupaua mfuko umelegea halafu ndo unaingia dukani kununua kitu ambacho kitakaa juani na kwenye mvua kila siku ya maisha ya hiyo nyumba. Ndo hapo watu wengi wanachagua bati kwa rangi na muundo, maana ndo vinavyoonekana, na muuzaji naye anaongelea hivyohivyo, msauzi hii, migongo mipana hii, nyekundu ya maruni inapendeza na ukuta wa krimu. Mi nakuomba kitu kimoja tu, nunua unene na kinga ya kutu kwanza, muundo na rangi vije baadaye na hela iliyobaki. Nyumba nayoizungumzia ni ya kawaida, vyumba vitatu, kenchi za mbao (zile fremu zinazobeba paa), fundi wa mtaani, uwe Dodoma, Mbeya, Mwanza au Kigamboni.

Kabla sijapanga, tuelewane kuhusu geji maana hapa ndo watu wanapigwa. Namba ikiwa kubwa bati ni nyembamba, kwaiyo 28 ni nene kuliko 30 na 30 ni nene kuliko 32, hilo wengi wanalijua. Ambalo hawalijui ni kwamba geji siyo kipimo kimoja duniani. Kwa jedwali la Kiingereza geji 30 ni kama milimita 0.315, kwa jedwali la Kimarekani la bati za zinki geji 30 hiyohiyo ni karibu 0.40. Sasa muuzaji anaweza kukuambia "geji 30" na kila mtu akawa na yake kichwani, na sokoni nyingi zinazoitwa geji 30 ziko chini ya hapo kabisa. Kwaiyo usiulize geji, uliza milimita, na uandikiwe milimita kwenye risiti.

Halafu kuna milimita na milimita. Bati ya rangi ina chuma katikati, juu yake kinga ya zinki au alizinki, juu yake tena rangi. Akikwambia 0.30 muulize ni kabla ya rangi au pamoja na rangi, maana ukitoa rangi na kinga unaweza ukabaki na chuma cha 0.25 na wewe umelipia 0.30. Kiwanda kinachojielewa kitakutajia zote mbili bila kusita.

Namna ya kuhakikisha siyo ngumu. Maikromita ndogo ya mkononi inatosha, pima sehemu bapa siyo kwenye kona ya mgongo, pima bati tatu nne tofauti kwenye lundo siyo ile ya juu tu. Huna maikromita? Tumia mizani. Chuma cha mita moja ya mraba chenye unene wa milimita moja kina kilo 7.85, hiyo haibadiliki kwa sababu ya maneno ya mtu. Bati ya mita 3 iliyotoka kwenye koili (rola la bati kiwandani) yenye upana wa sentimita 90 (upana kabla haijakunjwa migongo, waulize) ikiwa ni milimita 0.4 itakuja kama kilo 8 na nusu, ikiwa 0.3 kama kilo 6.4, ikiwa 0.2 kilo 4 na kidogo. Ukiweka kwenye mizani ikasoma kilo 4 na nusu na umeuziwa 0.3, basi ondoka hapo hata kama ni duka la shemeji.

Kinga nayo. Zipo za zinki tupu na zipo za alizinki, hii ya pili ni mchanganyiko wa aluminiamu asilimia 55, zinki 43.4 na silikoni 1.6, na kwenye hewa ya kawaida alizinki inavumilia kutu muda mrefu zaidi kuliko zinki ya unene uleule. Uzito wa kinga unaandikwa AZ na namba, AZ150 maana yake gramu 150 kwa mita ya mraba ukijumlisha pande zote mbili, AZ70 ni chini ya nusu ya hiyo. Bati mbili zinaweza kufanana rangi, muundo na unene, moja AZ150 nyingine AZ50, na huwezi kuzitofautisha kwa macho dukani, utakuja kuzitofautisha baada ya miaka kadhaa ya masika. Uliza. Kama muuzaji hajui, namba huwa imeandikwa kwenye karatasi za koili kiwandani, ndo maana mi napenda mtu anunue kiwandani au kwa wakala anayeeleweka, na uangalie alama ya TBS, kwa walio Kenya KEBS.

Haya, sasa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni alizinki ya rangi yenye unene wa 0.4 hivi, ile inayoitwa geji 28, kwa mtu yeyote anayejenga mbali na bahari. Fundi akikanyaga haibonyei, misukosuko ya upepo inaistahimili, sauti ya mvua inapungua kidogo kuliko nyembamba, na ukija kubadilisha kenchi au kuongeza chumba unaifungua na kuirudisha. Ni ghali kuliko 30 ndio, lakini fanya hesabu yako kwa nyumba nzima ukijumlisha mbao, misumari, kofia (bati za kufunika kilele cha paa) na hela ya fundi, utakuta tofauti ya 28 na 30 ni sehemu ndogo ya gharama yote ya paa. Kama hela haitoshi punguza muundo. Acha ule wa vigae vigae wenye bei juu, chukua migongo ya kawaida kwa unene uleule. Na kama bado haitoshi chora paa rahisi, maana paa lenye kona nyingi na mabonde mengi linakula bati za kukata na kutupa, na kila bonde ni sehemu ya kuvuja.

Ya pili, hiyohiyo alizinki lakini 0.3 kamili ya chuma. Hii ndo nyumba nyingi za Watanzania zinaweza kuimudu na siyo mbaya hata kidogo ikiwa ni 0.3 ya kweli, ila papi (mbao zinazolaliwa na bati) zisiachane sana, fundi akikwambia "mita moja na nusu inatosha" kataa. Bati nyembamba juu ya papi zilizoachana inapiga kelele kwenye upepo na inabonyea pale maji yanapotakiwa kupita.

Ya tatu kwa wa bara, ila ya kwanza kwa aliye karibu na bahari, ni bati ya aluminiamu yenyewe. Watu wa Kigamboni, Bagamoyo, Pangani, Mtwara, Unguja na Pemba nisikilizeni. Chumvi ya hewani inakula chuma kuanzia kwenye kingo zilizokatwa na kwenye matundu ya misumari, na dhamana nyingi za viwanda ukisoma maandishi madogo zinawatoa walio ndani ya mita mia kadhaa kutoka ufukweni, kwaiyo ile "dhamana ya miaka mingi" aliyokuimbia muuzaji haikuhusu. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu. Ni nyepesi, uzito wake ni kama theluthi ya chuma kwa unene uleule, lakini ni laini, kwaiyo usinunue chini ya milimita 0.5, na skrubu ziwe za aluminiamu au chuma kisichoshika kutu, ukifunga aluminiamu kwa misumari ya kawaida ya chuma umetengeneza mahali pa kuoza. Bei inauma, najua. Kama haiwezekani basi chukua alizinki nene ya AZ150 ya rangi na uioshe kwa maji yasiyo na chumvi hasa pale chini ya ukingo ambapo mvua haifiki, chumvi inajikusanya hapo.

Ya nne, zile za chuma zenye punje za mawe juu, watu wanaziita dekra hata zisipokuwa za kampuni hiyo. Nzuri kwa kweli, mvua ikinyesha mnaongea bila kupaza sauti na joto lake siyo kali. Kwa nini nimeziweka ya nne? Mbao. Vipande vyake ni vifupi, vinataka papi kila sentimita 37 hivi, wakati bati ndefu unaweza kuachanisha sentimita 90. Yani papi mara mbili na zaidi, na papi zote lazima ziwe zimetiwa dawa ya mchwa na zimenyooka, zikipinda paa lote linaonekana mawimbi. Mtu analinganisha bei ya kipande kwa kipande dukani anafurahi, akifika saiti mbao zinammaliza. Ukiwa na bajeti ya mbao kabisa, chukua bila wasiwasi, ila na hizi uliza unene wa chuma cha chini, siyo punje tu.

Ya tano ni vigae vya zege au vya udongo. Vinadumu, vina baridi ndani, havina kutu. Lakini vya zege ni kama kilo 45 kwa mita ya mraba, paa la mita 150 za mraba ni karibu tani 7, wakati bati ya 0.3 kwa paa hilohilo haifiki hata nusu tani. Kwaiyo kuta, lenta na kenchi lazima ziwe zimepangwa kwa huo mzigo toka kwenye ramani. Nyumba imeshapandishwa kwa ajili ya bati, afu mtu anabadili mawazo aweke vigae, HAPANA, mwite injinia kwanza. Na mlalo wa paa uwe mkali, vigae havipendi paa lililolala.

Ya mwisho ni geji 32 na zile nyembamba zaidi za 0.2. Kwa nyumba ya kuishi mi sizishauri kabisa. Kwa stoo, jiko la nje, kibanda cha saiti, sawa. Na banda la mifugo lina jambo lake, hewa ya mkojo na samadi inaishambulia alizinki, kwa banda la ng'ombe au kuku wengi bora zinki ya kawaida iliyo nene na upitishe hewa ya kutosha.

Sasa wanaopenda paa la kuficha, lile lenye ukuta unaozunguka juu, nimeona nyumba nzuri sana zinavuja kwa sababu hii. Paa limelala nyuzi 5 na fundi ameweka bati fupi fupi za migongo midogo zilizounganishwa kwa kulaliana sentimita 10. Maji yanarudi nyuma tu. Ukitaka muundo huo agiza bati ndefu zikatwe kiwandani kwa urefu wote bila kiungo, migongo iwe mirefu, na mfereji wa ndani uwe mpana wenye njia mbili za maji kutoka, moja ikiziba na majani nyingine ifanye kazi. Na simenti mbichi ya kupiga lipu huo ukuta isidondokee kwenye alizinki, inaila, piga lipu kwanza ndo uezeke.

Vifungio nisivipite haraka maana hapa watu wanabana shilingi kidogo wanaharibu kazi kubwa. Misumari ya bati inalegea, bati inatanuka mchana inasinyaa usiku na mbao nayo inakauka, taratibu msumari unapanda. Skrubu zenye mpira zinashika vizuri zaidi. Kwa bati zenye migongo ya mviringo funga juu ya mgongo siyo kwenye bonde maji yanapopita, kaza mpaka mpira ukae vizuri siyo mpaka upasuke ukatoka nje, na kwenye kingo za paa na kwenye kofia ongeza idadi, upepo unavuta zaidi pale. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia Mei 2024 tulikumbushwa wote kwamba pwani yetu nayo inapata upepo wa kung'oa paa. Na fundi asikate bati kwa grainda, cheche zile zinaunguza rangi na vumbi lake la chuma linaanza kutu juu ya bati mpya, atumie mkasi wa bati.

Rangi chagua upendayo, ila nyepesi inarudisha jua na nyeusi inalipokea, kwa Dodoma au Dar utalisikia hilo chumbani saa tisa mchana. Gata weka tangu mwanzo kama una nafasi ya tangi. Kila milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, paa linalofunika mita 150 kwa mvua ya milimita 550 kwa mwaka ni zaidi ya lita 80,000, na hapo nimechukua sehemu kame.

Kwa anayekarabati nyumba ya zamani yenye bati zile za kijivu za asbesto, tafadhali usiruhusu vijana wazivunje kwa nyundo au kuzikata. Vumbi lake likiingia mapafuni linaleta kansa miaka mingi baadaye. Uliza mamlaka ya mazingira namna ya kuzitoa na pa kuzipeleka.

Ukienda kulinganisha bei, usilinganishe bei ya bati moja. Muulize kila muuzaji upana unaofunika baada ya kulalishana, siyo upana wote, gawanya bei kwa mita za mraba zinazofunikwa, hapo ndo utaona nani ana bei poa kweli. Ongeza bati mbili za akiba za koili ileile, maana rangi ya koili nyingine huwa haifanani sana. Zikifika saiti zihesabu, zipime kabla gari halijaondoka, ziweke juu ya mbao zisiguse udongo, zilale kwa kuinama kidogo. Na kama zimenyeshewa njiani zitenganishe siku hiyohiyo zikauke, maji yakibaki katikati ya bati na bati zinaota kutu nyeupe kabla hata hazijapanda juu.