Ukinunua virutubisho vya haidroponiki, ulizia chuma chake

Saladi zangu 60, nazilima kwenye maji yenye mbolea bila udongo, zilianza kuwa njano wiki ya tatu. Si majani ya chini, ni yale machanga ya juu, mishipa tu ndiyo ilibaki kijani. Nikaongeza mbolea, hali ikazidi.

Mbolea yenyewe nilipimiwa dukani, kilo moja kwenye mfuko mweupe usio na lebo, muuzaji akaniapia ina kila kitu. Nilirudi nikang'ang'ania nionyeshwe gunia ilikotoka. Chuma kilikuwamo, lakini cha EDTA, kemikali inayokishikilia chuma kibaki kimeyeyuka majini, na maji ya kisima changu hapa Dar yanasoma pH (kipimo cha uchachu) 7.3.

EDTA hukishikilia chuma hadi pH 6.5 hivi. Ikizidi hapo hukiachia, kinatuama kama kutu na mmea unalala njaa chakula kikiwa miguuni pake. Ziko nyingine za kazi hiyohiyo: DTPA huvumilia hadi 7.5 hivi, EDDHA hupita 9, nayo utaijua kwa kuwa maji hugeuka mekundu kama rozela. Anayeshusha pH kila asubuhi hadi 6, EDTA inamtosha. Sisi wa visima tukiishusha leo, kesho imepanda.

Kati ya mbolea za kununua, kwangu za kampuni ya Yara ndizo za kwanza, wala sifichi. Calcinit, yaani kalsiamu naitreti yao, na Rexolin D12, ambayo chuma chake ni cha DTPA, ndoo moja. NPK ya haidroponiki na chumvi ya Epsom (magnesiamu salfeti) ndoo nyingine. Usizikutanishe zikiwa nzito, kalsiamu na salfeti hugeuka jasi. Rexolin, gramu 2 zinatosha lita 100 za maji ya kumwagilia.

Ya pili ni Masterblend 4-18-38: gramu 12, kalsiamu naitreti 12, Epsom 6, kwa lita 20. Nzuri sana, ila chuma chake ni EDTA, kwa hiyo wa kisima aongeze DTPA.

Chupa za majimaji naziweka ya tatu, maana sehemu kubwa ya pesa unalipia maji na usafiri wake. Busta za kupulizia majani zenye urea, zisizo na kalsiamu, ziache.

Kinachoniuma ni huku kupimiana. Kalsiamu naitreti ikifunguliwa hunyonya unyevu hadi inakuwa uji, na lebo inabaki kwenye gunia la muuzaji. Bei ya kilo ni kubwa kuliko ya gunia, halafu hata jina la ulichonunua hupewi! Nilipomwomba yule muuzaji aandike japo kwa kalamu, alinijibu kwamba wateja wake hawaulizagi.

Tafadhalini, mwulizeni.