Kijitabu cha mbinu za lugha: kinafaa, ila mfundishe mwanao kinaya upya

Kijitabu hiki cha marudio kwa watahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa shule za sekondari nchini Kenya, kimeandikwa kwa uangalifu kuliko vingi vinavyouzwa. Tashbihi (kulinganisha kwa neno la kulinganishia), sitiari (kulinganisha moja kwa moja bila neno hilo) na tashihisi (kukipa kisicho binadamu sifa za binadamu) zimewekwa ukurasa mmoja, kila moja na sentensi yake: "mweusi kama makaa", "Juma ni simba", "upepo ulimpapasa shavu". Mwanafunzi huona papo hapo kwamba kiunganishi kama, mithili ya au ja ndicho kinachoitambulisha tashbihi.

Tatizo ni kinaya na kejeli kupewa maana moja. Kejeli ni maneno ya dharau, humlenga mtu. Kinaya ni hali kwenda kinyume na matarajio: zimamoto nyumba yake kuteketea huku akizima ya jirani. Anayezichanganya hupoteza alama katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi.

Tabaini, yaani kusisitiza jambo kwa kurudia kikanushi "si", imeelezwa vizuri sana ("si wa jembe, si wa kalamu"). Jazanda, yaani kulinganisha vitu kwa njia ya mafumbo, kwa bahati mbaya imepewa mistari miwili tu.

Mazoezi ya kijitabu yanataka mbinu, mfano kutoka kifungu, kisha umuhimu wake. Mpangilio huo ndio sahihi. Kinunueni, lakini ukurasa wa kinaya urekebisheni kwa kalamu.