Kamati ya zahanati ya kijiji: nyota moja, au mbili, sijaamua

"Kamati haihusiki na dawa, ndugu yangu. Sisi ni majengo na vyoo. Dawa muulize mganga." Hilo ndilo jibu la mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati yetu, huku mabenchi yamejaa akina mama na watoto wenye homa, na dawa mseto ya malaria imekosekana tena. Nyota moja, na hiyo moja ni ya choo, kwa kuwa kweli kinafungika.

Haihusiki? Mzigo wa MSD, yaani Bohari ya Dawa ya serikali, ukifika, mjumbe wa kamati anatakiwa awepo na mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, wafungue maboksi, wahesabu, walinganishe na hati ya mzigo, wasome tarehe za kuisha muda, ndipo atie sahihi. Pungufu likionekana, linaandikwa palepale. Ukishasaini boksi halijafunguliwa, umekubali kwamba vilivyoandikwa vyote vimefika. Sasa mtu anasainije kitu kisichomhusu?

Ila wizi siyo sababu ya kwanza ya dawa kuisha, ingawa kijijini ndilo neno linaloanza kutajwa. Sababu ni hesabu. Zahanati huomba dawa kwa kutazama matumizi yaliyopita. Chukua kipindi cha siku 60: zilikuwepo dozi 40, zikaisha siku ya 20. Leja itaonyesha matumizi 40. Mhudumu akiomba kwa kipimo cha 40, zitaisha tena siku ya 20, na mzunguko hauishi. Hesabu sahihi ni 40 kugawa kwa siku 20 ambazo dawa ilikuwepo, kisha mara 60: mahitaji ni dozi 120. Na kama takwimu ni za kiangazi wakati mvua ziko mlangoni, hata hizo 120 hazitatosha. Siku za ukosefu zisipoandikwa, fomu inadanganya bila mtu yeyote kudanganya.

Hapo hasira inapungua kidogo, maana mhudumu huyohuyo mmoja anachanja, anapima wajawazito, anazalisha, na leja anaijaza usiku kwa tochi ya simu. Ndiyo maana kamati ipo! Mara moja kwa mwezi, wajumbe wawili wachague vitu vitano tu: dawa mseto, kipimo cha haraka cha malaria, amoksilini ya watoto, ORS na zinki, na oksitosini. Wahesabu vilivyopo rafuni, walinganishe na leja, waandike siku ambazo kila kimoja hakikuwepo. Kwa oksitosini wafungue jokofu wasome kipimajoto: kisiposoma kati ya nyuzi 2 na 8, chupa zipo ila nguvu ya kuzuia damu isimwagike baada ya kujifungua inapotea. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji cheti cha udaktari.

Kuna kinachoudhi zaidi. MSD wakikosa dawa wanatoa taarifa ya ukosefu, na kwa taarifa hiyo zahanati inaweza kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa kwa mkoa. Utaratibu huu ulianzia Dodoma mwaka 2014, siyo mgeni. Tangu 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Kwa hiyo inawezekana kabisa hela imelala benki na mtoto anaandikiwa dawa ya kwenda kununua dukani, kwa sababu kamati haikukaa, muhtasari haupo, na ombi halijafika kwa mfamasia wa wilaya.

Basi nyota moja? Ngoja. Wajumbe hawana mshahara. Wengi wamechaguliwa leo, na kesho hakuna aliyewapa hata nakala ya mwongozo wa kazi yao. Halmashauri inawakumbuka inapotaka sahihi. Na sisi wananchi je? Mkutano mkuu wa kijiji ukifika, zahanati inawekwa kwenye "mengineyo", jua limesimama utosini, nusu ya watu wameshaondoka. Mapato na matumizi ya kituo yangesomwa mwanzoni, kabla ya habari za mifugo, yule mjumbe asingethubutu kunijibu vile. Kwa hiyo nyota mbili kwa kamati, na ile niliyoiongeza nimeinyang'anya halmashauri.

Hapana, hata halmashauri siyo wote. Wapo wafamasia wa wilaya ambao ukiwapelekea idadi kamili na siku za ukosefu, wanahamisha dozi kutoka zahanati jirani yenye ziada bila kungoja mzigo mpya. Ukiwapelekea malalamiko matupu hawana cha kuhamisha.

Nasikia mzigo unakuja wiki hii. Maboksi yakifunguliwa kabla ya kusainiwa nitarudi kuongeza nyota ya tatu. Yakisainiwa yakiwa na gundi yake, naondoa zote, hata ya choo.