Jiko la presha la umeme, miezi minne: maharage safi, chapati sahau

Haya, nina miezi minne na hili jiko la presha la umeme, lita 6, wati 1000, nilinunua Kariakoo baada ya kubembelezana bei mpaka muuzaji akachoka. Siku ya kwanza nilisoma Luku (mita ya umeme wa kulipia kabla) kabla ya kuwasha, yuniti zilizobaki 41.8, nikatia maharage nusu kilo hata sijaloweka, nikabonyeza nikaenda zangu kufua. Nikarudi kama dakika hamsini hivi, yameiva yanafutuka, Luku 41.3. Nusu yuniti, na hapo friji nayo ilikuwa inakula humohumo!

Sasa kwa sie wa chini ya yuniti 75 kwa mwezi, yuniti ni shilingi 100, so chungu kizima ni kama hamsini, makato weka pembeni. Mkaa nilikuwa namaliza kopo la 1,500 na bado naenda kuomba vipande kwa jirani. Ila ukipita hizo 75 yuniti inaruka mpaka 350, kwa hiyo mwenye friji na pasi ya kila asubuhi apige hesabu zake vizuri, japo hata kwa 350 mkaa bado umepigwa.

Kilichonisukuma si hela tu lakini. Kwetu ni Kibiti, na huko njiani kila nikienda napishana na pikipiki zimebeba magunia ya mkaa mpaka dereva haonekani, na yale matanuri ya udongo yanakula kuni kilo sita na zaidi kupata kilo moja ya mkaa, kile kichaka nilichokuwa nachuma ukwaju nikiwa mdogo leo unaona mpaka ng'ambo. Umeme nao tusiupambe, Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 limejengwa ndani ya pori la Selous na miti ikafyekwa, na umeme mwingine ni wa gesi ya Mtwara na Songosongo. Ila bwawa lilishajengwa, mkaa unataka mti mpya kila siku.

Mabaya yake sasa. Chapati sahau, ugali wa watu sita nao unapigana na chungu mpaka kinazunguka. Vibonyezo vimeandikwa Kichina tupu, nilimuuliza muuzaji akaniambia "dada hilo unabonyeza tu", nabonyeza nini sasa? Nikaishia kubandika plasta na kuandika MAHARAGE, NYAMA, WALI kwa kalamu. Mpira wa mfuniko ukipikia utumbo leo, kesho wali unanukia utumbo, uuchomoe uuoshe na ndimu. Na umeme ukikatika katikati usilazimishe mfuniko, presha bado imo, mimi siku hiyo niliacha saa nzima, nilipofungua makande yalikuwa yameiva na moto wake wenyewe.

Kwa hiyo mkaa haujaisha kwangu, gunia lilikuwa linakwisha mwezi, hili la sasa linaingia mwezi wa tatu, ni la chapati na samaki wa kuchoma. Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu ya mpira, wangu umeanza kulegea mvuke unatokea pembeni, nimerudi dukani naambiwa spea hawana, kwa hiyo wewe ukienda kununua dai mpira wa pili kabla hujatoa hela.