TAHADHARI: "Wakala" wa kostiki soda anayetuma hati za meli za kughushi

Wenye viwanda vya sabuni na maofisa ununuzi mnatahadharishwa kuhusu mtu anayejitambulisha kwa barua pepe na WhatsApp kuwa wakala wa kiwanda kimoja cha China, akiuza kostiki soda ya magamba, ile ya mifuko ya kilo 25, kwa bei iliyo chini mno ya bei ya soko. Hudai asilimia 30 ya malipo kwanza, kisha hudai asilimia 70 iliyobaki mara tu anapotuma nakala ya hati ya shehena, yaani BL.

Hiyo nakala ndiyo mtego wenyewe. Tuliyotumiwa sisi ilikuwa na nembo ya kampuni ya meli inayofahamika, mihuri na saini, na kwa mtazamo wa haraka haikuwa na dosari. Hata hivyo, ilionyesha tani 38 ndani ya kontena moja la futi 20, ilhali uzito wa kontena la aina hiyo pamoja na mzigo wake kwa kawaida hauruhusiwi kuzidi kilo 30,480. Vilevile, kostiki soda yabisi ni bidhaa hatari ya daraja la 8 yenye namba UN 1823, na hakuna kampuni makini ya meli inayoipakia bila kuiandika hivyo kwenye hati. Yake ilisomeka "malighafi ya sabuni" tu. Tulipoiingiza namba ya kontena kwenye tovuti ya kampuni ya meli, ilikataliwa, kwa kuwa tarakimu ya saba ya namba hiyo hukokotolewa kutokana na herufi nne na tarakimu sita zinazoitangulia, na ya kwake haikulingana nazo.

Akaunti ya benki nayo ilikuwa ya kampuni yenye jina jingine, katika nchi nyingine. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba ni "utaratibu wa kodi", jibu ambalo kwa maoni yetu lilitosha kufunga mazungumzo.

Msidhani kwamba LC, yaani ahadi ya maandishi ya benki ya kumlipa muuzaji akiwasilisha hati, peke yake itawakinga, kwani benki hulipa kwa kuangalia hati na si mzigo. Wekeni sharti la ukaguzi wakati wa kupakia, ufanywe na kampuni mliyoichagua wenyewe, na cheti chake mkihakiki kwa anwani iliyo kwenye tovuti ya kampuni hiyo, si iliyochapwa kwenye cheti. Ombeni pia kibali cha Mkemia Mkuu wa Serikali kabla ya kulipa chochote. Wakala huyu alitushauri tukiombe "mzigo ukishafika", jambo ambalo muuzaji mzoefu wa kemikali hawezi kulisema.

Aliyekwisha kutuma fedha aiandikie benki yake leo hii akiomba muamala urejeshwe, kisha atoe taarifa polisi. Barua pepe zihifadhiwe kama zilivyoingia, kwa sababu picha ya skrini haionyeshi zilikotumwa.